Maki, nigiri, sashimi au temaki: mara ya kwanza Malindi uagize ipi?

Malindi inamjua samaki wa moto kwa kila namna: wa kupaka, wa kukaanga, wa mchuzi wa nazi, wa makaa. Hata samaki mbichi si mgeni kabisa, kwa sababu Waitaliano wameishi mjini humu miongo mingi, na karpacho ya jodari yenye ndimu na mafuta ya zeituni ni chakula cha kawaida katika hoteli za ufukweni. Lakini mtu akiketi mara ya kwanza mbele ya menyu ya sushi, majina manne humkabili kwa pamoja huku mhudumu amesimama na kalamu. Wengi huchagua kwa picha, wakaletewa kisichowafaa, wakaondoka wakisema sushi haina ladha. Mara nyingi samaki hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kuagiza.

Tuanze na neno lenyewe. Sushi si samaki mbichi. Sushi ni wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, na chochote kinacholiwa pamoja na wali huo. Vikombe viwili vya mchele mkavu huhitaji takriban mililita 60 za siki ya mchele, vijiko viwili vikubwa vya sukari na kijiko kimoja kidogo cha chumvi, vikachanganywa wali ungali moto. Mchele wake ni wa punje fupi unaonata. Kwa mtu wa pwani, ugeni mkubwa uko hapa kuliko kwenye ubichi. Sisi wali tunausifu ukichambuka punje kwa punje, na ukishikana tunasema mpishi kazidisha maji. Wa sushi hushikana kwa makusudi, na una uchachu mdogo, kama wali uliokaa jirani na achari. Ukiuzoea wali huu, nusu ya kazi imekwisha.

Tunavyozipima

Kila aina tumeipima kwa mambo yale yale. La kwanza ni ubichi: samaki mbichi ni kiasi gani, na anaweza kuepukika? La pili ni namna ya kuila. La tatu ni shibe na bei. La nne ni panapoharibika, hasa kwa joto na unyevu wa hapa kwetu. La tano ni vilivyofichwa, yaani pombe ya kupikia na viungo visivyoonekana kwa macho, jambo ambalo kwa wengi wetu linatangulia yote. Mwisho tunasema inamfaa nani.

Maki

Wali na kitoweo hukunjwa ndani ya nori, ambayo ni karatasi ya mwani mkavu, kisha mkunjo hukatwa vipande. Hosomaki ni nyembamba, ina kitu kimoja ndani, na kwa kawaida huja vipande 6. Uramaki ina wali nje na nori ndani, huja vipande 8, na ndiyo inayojaza menyu nyingi za hoteli. Futomaki ni nene, yenye vitu vinne au vitano.

*Ubichi.* Hapa unaamua wewe. Kappa maki ni tango tupu. Ile iitwayo California, iliyozaliwa Amerika ya Kaskazini na si Japani, ina parachichi, tango na kaa aliyepikwa au kaa wa kuigiza. Ipo ya kamba wa tempura, aliyechovywa unga akakaangwa. Ukitaka kugusa ubichi bila kuuvamia, agiza tekka maki: ujiti wa jodari mbichi mwembamba kama kidole, umezungukwa na wali pande zote.

*Kuila.* Kipande kizima kinywani, mara moja. Ukikiuma nusu, nori huvutana na meno, wali ukamwagika. Kama uramaki ni kubwa mno kwa kinywa chako, mwombe mpishi aikate nyembamba kabla haijaja.

*Shibe na bei.* Wali ni mwingi, kwa hiyo inashibisha, na kwa kila kipande ndiyo rahisi kuliko zote. Vipande 8 vya uramaki na 6 vya hosomaki vinamtosha mtu mzima mwenye njaa ya kawaida.

*Panapoharibika.* Nori hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Malindi ina unyevu wa kutosha mwaka mzima. Maki iliyokunjwa mapema huwa na nori inayotafunika kama mpira. Ya pili ni mayonezi: uramaki zilizopambwa sosi nyeupe na za rangi ya chungwa zinapendeza kwa macho, ila sosi hizo huficha ladha ya samaki, na wakati mwingine huficha hali yake. Kwa mara ya kwanza, chagua iliyo kavu.

*Vilivyofichwa.* Kaa wa kuigiza ni samaki mweupe aliyesagwa, akatiwa wanga na rangi, na baadhi ya viwanda humtia mirin, divai tamu ya mchele yenye kileo cha takriban asilimia 14. Siki ya wali nayo wapishi wengine huichanganya na mirin au sake, pombe ya mchele ya Kijapani. Uliza yote mawili, na uyaulize kwa majina hayo. Ukiuliza tu kama kuna pombe, mhudumu atakujibu hapana kwa nia njema, kwa sababu jikoni mirin huhesabiwa kiungo.

*Inamfaa* mwenye wasiwasi na ubichi, asiyekula samaki kabisa, na kundi linalotaka sahani moja katikati ya meza.

Nigiri

Nigiri ni tonge. Mpishi hulowesha mikono, humega wali wa gramu 15 hadi 20, huufinya mara chache, hupaka nukta ya wasabi, kiungo kikali cha rangi ya kijani, kisha hulaza kipande cha mnofu juu. Mtindo huu ulikomaa Edo, jiji tunaloliita leo Tokyo, mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi ni mpishi Hanaya Yohei. Kilikuwa chakula cha barabarani cha watu wenye haraka, kikiliwa kwa mkono. Kwa hiyo anayekula nigiri kwa vidole hajavunja adabu yoyote ya Kijapani, na kwa sisi tuliolelewa kwenye sinia, mkono unajua kazi hii kuliko vijiti.

*Ubichi.* Unaonekana wazi, umelala juu. Hata hivyo zipo nigiri ambazo hazina ubichi: ebi ni kamba aliyechemshwa, tako ni pweza aliyechemshwa, tamago ni kimanda kitamu, na unagi ni mkunga wa maji baridi aliyechomwa kwa mchuzi mtamu. Hizi zinakupa ngazi ya kupanda. Anza na ebi, kwa maana ladha yake unaijua tayari. Fuatisha tako. Kisha samoni, ambaye ni laini na ana mafuta. Jodari awe wa mwisho. Ukifika hapo ulimi umeshauzoea wali, na unachokionja ni samaki peke yake.

*Kuila.* Ligeuze tonge, samaki atazame chini, umguse yeye kwenye sosi ya soya kwa ncha tu. Ukichovya upande wa wali, hunyonya sosi kama sifongo, tonge likabomokea bakulini, na chumvi ikazidi kila kitu. Usiliache likae: wali wa nigiri unatakiwa uwe na joto la mwili, na joto hilo halidumu.

*Shibe na bei.* Huuzwa kipande kimoja kimoja au viwili viwili, na hapa ndipo hesabu inapompiga mtu chenga. Soma menyu kama bei ni ya kipande au ya jozi kabla ya kuagiza. Vipande 4 ni vya kuonja. Kushiba kwa nigiri peke yake kunataka 10 au zaidi.

*Panapoharibika.* Kwenye wali. Wali uliolala kwenye friji huwa mgumu, punje zake zikatafunika kama za kiporo cha asubuhi, na hakuna samaki wa kuuokoa. Kasoro nyingine ya jikoni za hoteli ni tonge kubwa kupita kiasi, wali gramu 30 na samaki mwembamba kama karatasi. Ukiletewa la namna hiyo, ni haki yako kusema. Wasabi nayo hujificha kati ya wali na samaki. Asiyeitaka aseme mapema, kwa sababu haiondoki ikishapakwa.

*Vilivyofichwa.* Mchuzi wa unagi karibu kila mara hupikwa kwa mirin na sake. Tamago nayo mara nyingi ina mirin. Kamba, pweza, samoni na jodari kwa kawaida hawana tatizo hilo, isipokuwa siki ya wali kama tulivyosema kwenye maki.

*Inamfaa* anayependa samaki kwa dhati na anataka kuzitofautisha ladha zake mmoja mmoja, na mwenye subira ya kula kidogo kidogo.

Sashimi

Sashimi haina wali, na kwa hesabu kali si sushi, ila menyu huziweka pamoja. Ni vipande vya mnofu mtupu, unene wa nusu sentimita hadi sentimita moja, pembeni kuna figili nyeupe iliyokwaruzwa na wasabi kidogo.

*Ubichi.* Mtupu, hauna pa kujifichia.

*Kuila.* Vijiti, au uma kama vijiti vinakusumbua. Chovya kona tu, utafune taratibu.

*Shibe na bei.* Haishibishi, na kwa uzito ndiyo ghali kuliko zote. Sahani ya vipande 5 au 6 igawaneni watu wawili.

*Panapoharibika.* Kila udhaifu wa samaki unaonekana. Mnofu uliokatwa kufuata nyuzi zake hutafunika bila kwisha. Kisu kinatakiwa kizikate nyuzi. Samaki aliyeyeyushwa haraka kwa maji hutoa majimaji sahanini na kuwa tepetepe. Na shombo: sashimi nzuri inanukia bahari kwa mbali tu. Ukiisikia shombo kabla hujaikaribia, irudishe bila kuona haya.

*Vilivyofichwa.* Hapa sashimi inazishinda nyingine. Hakuna siki ya wali, hakuna mchuzi wa kupaka, kwa hiyo anayeikimbia mirin hubaki na swali moja tu, la sosi ya soya. Sosi iliyochachishwa kiasili hupata kileo kidogo chenyewe katika uchachishaji. Wanazuoni wana maelezo yao juu ya jambo hilo, nawe utafuata unayemwamini. Zipo pia chupa zenye alama ya halali, na mkahawa makini utakuonyesha chupa ukiomba.

*Inamfaa* aliyekwisha kupenda karpacho, anayepunguza wanga, na anayetaka kumjua samaki wa siku. Kwa aliye na hofu ya ubichi si mahali pa kuanzia.

Temaki

Ni koni ya nori iliyojazwa wali na kitoweo, umbo lile lile la kikaratasi cha njugu za barabarani. Hushikwa mkononi, huliwa kwa kuumwa, haikatwi.

*Ubichi.* Kama maki, unachagua: parachichi, kamba wa tempura, samoni, au jodari wa pilipili. Huyo wa mwisho muulizie. Hutengenezwa kwa mnofu uliokatwakatwa na kuchanganywa na sosi kali, na mara nyingi ni masalio ya jodari aliyekatwa kwa kazi nyingine. Hakuna ubaya masalio yakiwa ya leo.

*Kuila.* Mara tu inapokufikia mkononi. Una dakika tatu au nne kabla nori haijalegea, na kwenye meza ya nje yenye upepo wa bahari, pungufu ya hapo. Usiisubirishe kwa picha.

*Shibe na bei.* Koni moja ni kama nusu ya maki, mbili zinatosha mlo mwepesi. Haigawiki, kila mtu na yake.

*Panapoharibika.* Nori, kwanza na mwisho. Jiko lenye feni tu, nori ikiwa imeachwa wazi mezani, haliwezi kutoa temaki inayokatika chini ya jino.

*Vilivyofichwa.* Ni vile vile vya maki.

*Inamfaa* kijana, anayekula peke yake, na anayeogopa kuchekwa na vijiti.

Jodari wa hapa au samoni wa mbali

Swali hili linazikata aina zote nne, na Malindi tuna bahati ya kuwa nalo.

Samoni hatoki katika maji yetu. Hufugwa kwenye bahari za baridi, na Norway ndiyo iliyowashawishi Wajapani miaka ya 1980 wamle mbichi. Akija amegandishwa kiwandani, huo ni usalama, kwa sababu minyoo ya samaki hufa kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikikaa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Friji ya nyumbani haifiki huko kwa uhakika. Mafuta yake na ulaini wake humfanya awe rahisi kwa ulimi mgeni.

Jodari ni wetu. Kusi likianza kulegea, Agosti kuelekea Oktoba, mashua na boti hutoka mbali na jodari huingia kwa wingi. Hatari ya minyoo kwa jodari mkubwa ni ndogo. Hatari yake ni nyingine, na ni ya joto. Jodari, sehewa na vibua wakiachwa juani bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya mnofu kuwa histamini. Sumu hiyo haifi kwa kupikwa, haifi kwa kugandishwa, na ndimu haiigusi. Dalili zake ni ulimi kuwashawasha kama umelamba pilipili, uso kuwa mwekundu, kichwa kugonga na moyo kwenda mbio, ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Ukihisi muwasho huo kwenye kipande cha kwanza, acha kula hapo hapo na umwambie mwenye mkahawa. Kwa hiyo swali la maana kumhusu jodari si tu alivuliwa lini. Ni alikaa kwenye barafu tangu melini?

Rangi nayo inadanganya. Jodari wa kawaida huwa mwekundu uliokolea, akazidi kuwa wa hudhurungi kadiri anavyokaa. Akiwa na wekundu wa tikiti maji, unaong'aa na haubadiliki hata akikaa, pengine ametiwa gesi ya kaboni monoksaidi ili rangi isimame. Gesi hiyo haimdhuru mlaji, ila inakunyima njia ya kuujua umri wa samaki.

Na tuseme juu ya ndimu, kwa sababu imani hii imeenea. Ndimu huufanya mnofu uwe mweupe kama uliopikwa, lakini haiui minyoo. Samaki wa maji baridi, kama sangara na ngege, hawaliwi wabichi hata walowekwe ndimu mchana kutwa.

Kwa maoni yetu, Agosti hadi Oktoba jodari wa hapa, aliyetunzwa kwenye barafu, anamshinda samoni bila shida. Mei na Juni, bahari ikichafuka na hoteli nyingi zikifungwa, samoni aliyegandishwa ni chaguo la busara kuliko jodari asiyejulikana alikotoka.

Vya pembeni

Wasabi inayokuja kwenye sahani nyingi duniani si mmea wa wasabi. Ni mzizi mwingine mkali uliochanganywa na haradali na rangi ya kijani. Ukali wake hupanda puani, tofauti na wa pilipili. Anza na kiasi cha punje moja ya mchele. Tangawizi ya siki huliwa peke yake kati ya samaki mmoja na mwingine, kusafisha kinywa. Haiwekwi juu ya samaki. Sosi ya soya ina chumvi nyingi mno: kijiko kimoja kikubwa kina karibu nusu ya sodiamu ambayo Shirika la Afya Duniani linasema isizidi kwa siku. Mwenye presha amimine kijiko kidogo kimoja na asiongeze.

Kulingana na hali yako

Hujawahi kula samaki mbichi na huna uhakika kama utaweza: agiza kappa maki au ya parachichi vipande 6, ongeza nigiri mbili za ebi na moja ya samoni. Samoni ikikushinda, mlo haujaharibika.

Karpacho umeshaizoea: ruka maki. Nigiri nne, jodari mbili na samoni mbili, kisha sahani ndogo ya sashimi ya jodari mgawane. Nenda siku ambayo jodari ameingia. Mhudumu akisita kujibu aliingia lini, badilisha agizo.

Unaepuka pombe kabisa: uliza mirin na sake kwenye wali. Ikiwa jibu halieleweki, sashimi na sosi yenye alama ya halali ndiyo njia fupi. Unagi na tamago ziache.

Mnaenda familia nzima, bibi na watoto wakiwemo: uramaki ya kamba wa tempura na ya tango katikati ya meza, temaki moja kwa kila kijana. Wajawazito, watoto wadogo, wazee walio dhaifu na wenye kinga iliyoshuka wabaki kwenye vilivyopikwa, na visikatwe kwa kisu na ubao uliotoka kwenye samaki mbichi. Hilo mwambie mpishi wazi.

Pesa ni ya mpango: hosomaki mbili za aina tofauti na nigiri moja ya samaki unayemtamani. Utaonja vitu vitatu kwa gharama ambayo sahani ya sashimi ingekupa kimoja.

Unataka kubeba nyumbani: chukua maki za mboga au zilizopikwa, acha sashimi na temaki mkahawani. Kukiwa na joto la nyuzi 32 au zaidi, kama mchana wa Machi, una saa moja tu tangu zitoke jikoni, na tuktuk iliyokwama kwenye foleni inahesabiwa ndani yake.